Jino la Kinyozi na Gego la Mama Mkwe

Kinyozi aliingia kliniki saa tatu kasoro asubuhi akiwa na kioo chake cha kazi mkononi, kile kikubwa cha kuwaonyesha wateja visogo vyao, na hakumsalimia mtu. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi walisogea wampishe akae. Hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi mlangoni kwa daktari wa meno, akamshika mkono kama mtu anayemvusha mzee barabara, akamtoa nje mpaka juani.

"Dokta, hebu nitazame," alisema, akafungua mdomo.

Daktari alitazama. Jino la mbele, lile alilomjengea wiki iliyopita baada ya kinyozi kulivunja kwa kufungulia chupa ya soda, lilikuwa limekaa katikati ya wenzake weupe kama punje ya hindi iliyopotelea kwenye gunia la mchele.

"Limekaa vizuri," Daktari alisema. "Halichezi."

"Sikusema linacheza. Nauliza ni la nani. Langu halikuwa hivi."

"Rangi hutulia baada ya siku chache."

"Leo siku ya nane. Dokta, kazi yangu mimi ni kusimama karibu na uso wa mtu. Mteja akiinua macho, kitu cha kwanza kukutana nacho ni jino lako. Jana mzee mmoja kaniuliza kama nimekula yai nikasahau kusukutua. Nikamwambia si yai, ni daktari. Leo nimemwambia wa pili. Kichwa kimoja ni nusu saa, na unanijua, sinyoi kimya kimya."

Cherehani iliyokuwa ikilia barazani ilinyamaza. Mke wa Daktari alikuwa fundi wa nguo, na nyumba yao ilikuwa moja na kazi zao: vyumba viwili vya mbele vilikuwa kliniki, baraza ilikuwa ya cherehani, na vya nyuma ndiko walikokula na kulala. Aliinuka na futikamba shingoni, akaja akasimama mbele ya kinyozi.

"Shemeji, cheka tena."

Kinyozi alicheka, bila furaha yoyote.

"Meno yako ni meupe ya maziwa," mke alisema. "Hili ni krimu. Krimu nzito, ya pazia la ofisini."

"Asante, shemeji! Angalau kuna mtu mmoja nyumba hii mwenye macho."

Wagonjwa wawili wa kwenye benchi walikuwa wametoka nao, ili wasipitwe. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba jino lake lilikuwa limepoa. Mwingine hakukumbuka kitu, aliondoka tu.

*

Ukweli ni kwamba Daktari hakuwa mvivu wala mzembe. Alikuwa na mkono mwepesi, na alikuwa na kitu ambacho hakuna daktari mwingine wa meno mtaa ule aliyekuwa nacho: hadubini. Ilisimama kando ya kiti cha mgonjwa kwa mguu mmoja, imeinamisha shingo kama korongo, na kupitia kwayo mzizi wa jino ulionekana mpana kama mtaro. Aliinunua kuukuu, akaipenda kama mtu apendavyo gari la kwanza. "Wengine wanapapasa," alipenda kuwaambia wagonjwa. "Mimi naona."

Aliona, lakini kwa taa ya zamani. Ndani ya hadubini ile mlikuwa na balbu ya moto, inayotoa mwanga wa njano, na nyuma ya balbu feni ya kuipoza iliyonguruma kama birika linalokaribia kuchemka. Akiiwasha kwa nguvu zote, mgonjwa alihisi anakaushwa. Akiipunguza, njano ilizidi kuwa njano. Kwa hiyo alifanya kazi akiwa ameipunguza, na macho yake yalikuwa yamezoea mpaka akaamini kwamba ndivyo dunia ya meno ilivyo.

"Unajua kwa nini natoka nje kila mara?" mke alimuuliza mchana ule. "Mteja akiniletea kitambaa, uzi siulinganishi ndani. Chini ya taa ya njano, nyeupe na krimu ni pacha. Ukitoka nje juani, mmoja ni mtoto wa jirani."

"Jino si kitambaa."

"Kweli. Kitambaa ninaweza kukifumua."

Mwaka uliopita, fundi wa vifaa vya hospitali, mwanamke mmoja mwembamba waliyezoea kumwita Bisibisi, alikuwa amemshauri abadilishe taa ile aweke ya LED. Daktari alimjibu mbele ya wagonjwa: "Lenzi ndiyo hadubini, fundi. Taa ni taa tu. Hizo LED ni za kupambia maduka." Watu walicheka. Bisibisi alifunga mkoba wake akaondoka, na kila mara mke alipolitaja jambo hilo, Daktari alikuwa na shughuli mahali pengine.

*

Wakati huo wote kulikuwa na siri nyumbani, na aliyeificha alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alikaa nao mwaka wa tatu sasa, na ingawa hakuwa na shule tena, hakuna aliyewahi kumwona akiingia chumbani bila watu kuketi vizuri. Mwaka uliopita mkwewe alimtibu gego la juu, la kushoto, akamsafisha mizizi na kumziba. Wiki mbili sasa gego lilikuwa linamuuma tena, naye hakusema. Siku ya pili baada ya ujio wa kinyozi, mezani, binti yake alimwona akiuhamisha mkate kutoka shavu moja hadi jingine kama mtu anayehamisha mzigo mgeni asiuone.

"Mama, unatafuna upande mmoja."

"Upande mmoja unatosha kwa mkate mmoja."

"Mama."

Mwalimu Mkuu aliweka kijiko chini. "Sikutaka kusema. Mtu hamsahihishi mkwewe mbele ya watu. Lakini gego la Daktari linauma."

Haikuwa "gego langu". Ilikuwa "gego la Daktari". Daktari alihisi chai imemshuka njia isiyo yake.

Saa nne alikuwa amemlaza kwenye kiti. Nesi wake alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo mke ndiye aliyeshika mpira wa kuvuta mate. Kumtazama mama mkwe mdomoni ni jambo gumu kwa mkwe yeyote, na Mwalimu Mkuu hakulirahisisha: alilala ameyakodoa macho, akimtazama Daktari kama anayesimamia mtihani.

Alimchoma sindano ya ganzi, akafungua gego, akasogeza hadubini. Feni ilianza kunguruma. Daktari aliinama. Sakafu ya jino ilikuwa ya njano, dawa ya zamani ilikuwa ya njano, vitobo vya mizizi vilikuwa vya njano iliyokolea kidogo. Aliongeza mwanga. Jasho lilianza kumtiririka nyuma ya masikio. Mwalimu Mkuu aliinua kidole.

"Mama anasema anaungua paji la uso," mke alitafsiri.

Alipunguza mwanga. Njano ikarudi. Akaongeza tena kidogo, na hapo balbu ikalia *tap!* na gego la mama mkwe likawa pango.

Daktari aliingiza mkono kuitoa balbu. "Sss!"

"Oe," alisema mama mkwe, mdomo wazi, akimaanisha pole.

Walingoja ipoe, watu wazima watatu, mmoja wao kinywa wazi. Balbu ya akiba ilikuwa moja tu, na ya mwisho. Duka lililokuwa likiziuza lilikuwa limeacha. Daktari aliichomoa kwenye kiboksi kwa vidole vitupu.

"Hapa kwenye boksi kuna picha ya mkono umepigwa mstari," mke alisema.

"Hayo ni mambo ya kiwandani."

"Mkono uliochorwa unafanana na wa kwako."

"Mafuta ya vidole yanaweza kuiharibu, ndiyo," Daktari alikiri kwa sauti ndogo, balbu ikiwa tayari ndani. "Lakini si leo."

Ilikuwa leo. Balbu ya mwisho haikufikisha dakika kumi na tano. Daktari aliziba gego kwa dawa ya muda, akamwinua mama mkwe, akamfuta kidevu kwa adabu zote alizokuwa nazo. Nusu ya uso wake ilikuwa na ganzi, lakini Mwalimu Mkuu hakuwahi kuacha somo katikati.

"Ashiyeshikia la nkuu," alisema.

"Huvunjika guu, Mama. Najua."

"Hunjui," alisema mama mkwe, akashuka kwenye kiti.

*

Chakula cha mchana kilikuwa uji kwa mmoja na ukimya kwa wote. Daktari ndiye aliyevunja ukimya, kwa kosa.

"Kesho kutwa yule fundi wa bango anakuja kupima ukuta," alisema, akijaribu kuleta habari njema.

Bango hilo lilikuwa ndoto yake: jino la bati refu kama mlango, lenye macho mawili na tabasamu, linalowaka nje ya kliniki. Akiba ya miezi mingi ilikuwa imetengwa kwa ajili yake. Aliamini kwamba bango lingewarudisha wagonjwa ambao kinyozi alikuwa akiwafukuza kichwa kimoja baada ya kingine.

"Bango hilo linawaka kwa taa gani?" mke aliuliza.

Daktari alichota chakula ambacho hakikuwepo kwenye sahani yake.

"Nakuuliza, baba watoto."

"LED," alisema Daktari.

Mke alisukuma sahani yake kando.

"Kumbe," alisema mke taratibu. "Kwa hiyo jino la bati litapata LED, na jino la mama yangu litatafutwa kwa kibatari."

Mwalimu Mkuu aligeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Daktari hakujua kama ni maumivu au kicheko, mpaka uji ulipomtoka mama mkwe upande wenye ganzi na wote watatu wakapata jibu.

Alasiri hiyo alipiga simu mbili. Ya kwanza, kwa fundi wa bango, ilikuwa fupi: asije tena. Ya pili aliipigia nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, ili asisikike.

"Dokta!" Bisibisi alisema kwa uchangamfu. "Mzima? Unanitakia nini tena, maana nilidhani lenzi inakutosha."

"Fundi, nina mgonjwa ambaye jino lake limeishia nusu."

"Pole yake. Ile siku ulisemaje? Nilikuwa nafunga mkoba, sikusikia vizuri."

Daktari aliangalia kushoto na kulia. "Nilisema taa ni taa tu."

"Na leo?"

"Leo nasema uje."

"Kesho saa mbili," alisema Bisibisi. "Mimi si mtu wa kinyongo. Lakini wawepo walewale wagonjwa kwenye benchi."

"Benchi ni tupu, fundi."

"Basi nakuja saa moja," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

*

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko aibu iliyoitangulia. Bisibisi alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa nyumba ya balbu iliyobabuka kwa moto, akatoa na feni, akaviweka sakafuni juu ya gazeti. Mahali pake alifunga kitu kidogo kisichozidi kiberiti, chenye mapezi ya bati ya kutolea joto. Akaunganisha nyaya, akabonyeza swichi, akasimama kando.

Daktari alingoja mngurumo. "Imeharibika?"

"Imewaka, Dokta. Tazama chini."

Juu ya kiti cha mgonjwa palikuwa na duara la mwanga, jeupe kama mchana umekatwa kwa mkasi ukawekwa pale. Bisibisi alizungusha kitufe; mwanga ulipungua lakini haukugeuka rangi, ulibaki mweupe uleule, mdogo tu. Daktari aliweka mkono wake chini yake na kungoja. Mkono haukupata kitu.

"Na inadumu muda gani?"

"Maelfu ya saa. Utastaafu wewe, nayo ipo."

Mke aliingia na vigurudumu vya uzi kifuani: nyeupe, nyeupe ya maziwa, krimu, na rangi ya mfupa. Alivipanga chini ya mwanga bila kuomba ruhusa. Kila uzi ulisema rangi yake. Halafu akachukua sampuli za rangi za meno kutoka kwenye droo, zile alizotumia mumewe kumlinganishia kinyozi, akaziweka kando ya uzi. Alinyoosha kidole kwenye sampuli moja, kisha kwenye uzi wa krimu, akarudi kwenye cherehani yake.

Kinyozi alipatikana siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa akipita nje kila saa ili aonekane akipita. Daktari alilichonga lile jino la punje ya hindi, akalijenga upya, na kabla ya kumruhusu kuinuka alimwita mkewe. Mke alimtoa kinyozi nje juani, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akarudi nyuma hatua tatu.

"Lipi lilivunjika?" aliuliza.

Kinyozi alijitazama kwenye kioo chake kwa muda mrefu. "Shemeji," alisema hatimaye, "mimi mwenyewe nalitafuta."

*

Mwalimu Mkuu alilala kwenye kiti saa nane. Safari hii alifumba macho, kwa kuwa hakukuwa na joto la kupigana nalo. Kimya kilikuwa kikubwa hata cherehani ya nje ilisikika ikigeuza pindo.

Daktari alitoa dawa ya muda, akainama kwenye hadubini, na akaona. Sakafu ya gego ilikuwa ya kijivu, kuta zake nyeupe, dawa yake ya mwaka jana ya waridi. Vitobo vitatu vya mizizi alivyovijua vilikuwepo, vimezibwa safi. Na kati ya viwili vyake, kwenye mstari mwembamba ambao mwaka jana aliuona kama kivuli, kulikuwa na kitobo cha nne, kidogo kuliko ncha ya sindano, cheusi, wazi.

Magego ya juu mara nyingi huwa na mfereji wa nne wa mzizi, uliojificha. Kila daktari hufundishwa. Daktari huyu alikuwa amewafundisha wengine.

Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Aliweza kuusafisha na kuuziba bila kusema neno. Mama mkwe angeinuka hana maumivu, angemsifu, na taa mpya ingechukua heshima yote. Alikuwa na sentensi tayari mdomoni: jino lilikuwa na uchafu kidogo, Mama, sasa limekaa sawa. Nyuma ya barakoa hakuna ambaye angemwona anavyoitamka.

Badala yake aliinua kichwa, akauondoa mpira wa mate.

"Mama. Kuna mfereji mmoja sikuusafisha mwaka jana."

Mwalimu Mkuu alifumbua macho. "Uliusahau, au haukuwepo?"

"Ulikuwepo. Sikuuona."

"Na uliniambia nini?"

"Nilikuambia nimemaliza."

Cherehani ya nje ilikuwa imenyamaza. Mama mkwe alimtazama kutoka chini, na hata akiwa amelala chali na kitambaa cha karatasi kifuani, aliweza kumtazama mtu kutoka juu.

"Maliza sasa," alisema. "Halafu tutazungumza."

Daktari alifanya kazi saa nzima chini ya maneno hayo mawili, na alikiri baadaye kwamba hakuna balbu iliyowahi kumtoa jasho namna ile. Alipomaliza, alimwinua, akampa maji, akasimama na mikono mbele.

"Miaka thelathini nilisahihisha madaftari," Mwalimu Mkuu alisema, akijigusagusa shavu. "Nikigundua nimemnyima mtoto mmoja alama yake kwa kosa langu, nilirudia darasa zima. Si kwa wema. Nilijua tu kwamba wa pili yupo. Sasa niambie: ni magego mangapi ya juu uliyoyafunga kwa taa ile?"

Daktari alianza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia.

"Lete rejista," alisema mama mkwe.

Walipata kumi na tisa. Mwalimu Mkuu aliyawekea alama kwa kalamu nyekundu, mke wa Daktari akisoma namba za simu.

"Tukiwaita wote watasema sijui kazi," Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekalia mwiba.

"Tusipowaita watasema vilevile," mke alijibu. "Tofauti ni kwamba hutakuwepo kujibu."

"Basi nianze na yule bibi wa maktaba. Mpole sana."

"Hatuanzi na wapole," alisema Mwalimu Mkuu, akaweka ncha ya kalamu kwenye jina la juu kabisa.

Ilikuwa namba ya muuza nyama wa sokoni, mtu wa mabega mapana aliyezoea kuzungumza na watu huku akikata mifupa. Daktari alipiga. Simu iliita mara mbili, na nyuma ya "haloo" lilisikika shoka likitua kwenye gogo.

"Ni mimi, daktari wa meno. Nakupigia kuhusu lile gego nililokutibu. Nimebadilisha taa ya hadubini, nimegundua huenda nilikuachia kosa ndani. Kama lipo, ni langu mimi. Nataka uje nilitazame upya, hutalipa chochote. Samahani sana."

Shoka lilinyamaza. Mke alisogea karibu na simu. Mwalimu Mkuu hakusogea, lakini kalamu yake ilikuwa hewani.

"Dokta," alisema muuza nyama, polepole. "Miezi saba natafuna upande wa kulia. Muuza nyama mimi, nakula supu. Mke wangu aliniambia ni uzee, na mimi nikamwamini, nikaanza hata kugawa nguo zangu za ujana. Kumbe si uzee?"

"Nadhani si uzee."

Kukawa na kishindo, kama mtu aliyetupa aproni juu ya meza, na sauti yake ikamwita mtu amshikie duka.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Usiizime hiyo taa."